Mwezi wa nane: nani kati yetu alipumzika?

Wamama wapenzi, juma hili watoto wanarudia njia ya masomo. Mashati meupe na nguo za bulu zimefuliwa, ziko kwenye kamba. Vakansi imekwisha. Kabla hatujazama katika mambo ya madaftari na viatu, tukae kidogo tuuangalie mwezi wa nane, jinsi ulivyotupitia hapa Lubumbashi. Ulikuwa mwezi mzuri, na kuna jambo moja ulilotufundisha ambalo sipendi tulisahau.

Ulikuwa mwezi wa jua. Baridi ya mwezi wa sita na wa saba, ile inayotufanya tusogee karibu na mbabula, ilituacha polepole. Asubuhi bado mtoto alihitaji triko, lakini jua likishapanda kidogo aliitupa juu ya ukuta na kukimbia. Mvua hakuna, wala hatukuitazamia. Vumbi la njia zetu liliingia mpaka ndani ya sahani. Miembe ilikuwa na maua. Nje ya mji, miti ya pori ilianza kutoa majani mapya, mengine mekundu kama moto, ingawa hata tone moja la mvua lilikuwa halijaanguka.

Tuliuingia mwezi huo kwa siku mbili kubwa. Tarehe 31 ya mwezi wa saba ni siku ya mwanamke wa Afrika. Inakumbusha mwaka 1962, wakati wanawake wa nchi mbalimbali za Afrika walipokutana Dar es Salaam na kuanzisha umoja wao. Kesho yake, tarehe 1 ya mwezi wa nane, ni siku ya wazazi katika Congo yetu. Asubuhi tulienda makaburini kung'oa majani na kufagia pale wanapolala wazazi wetu, na baada ya hapo tukarudi nyumbani kula pamoja na wazazi walio hai. Nkambo waliketi kwenye viti vizuri, watoto wakawahudumia kinywaji.

Halafu matembezi yakaanza. Kikundi chetu kiliwapeleka watoto kwenye Muze ya Taifa hapa mjini, wakaona misalaba ya shaba ambayo wazee wa Katanga waliitumia kama feza, zamani sana kabla ya noti. Mtoto mmoja aliuliza msalaba mmoja ungenunua mikate mingapi, akatuacha wote tukicheka bila jibu. Tulienda kwenye bustani ya wanyama. Na siku moja ya yenga, baada ya misa na ibada, tulikodi bisi ndogo kwa kuchanga, tukaenda Kipopo, watoto wakaona maji mengi yaliyotulia na miti inayoyazunguka. Tulikula viazi vitamu vya kuchemsha, karanga na mandazi, tukanywa munkoyo. Tuliimba njia nzima ya kurudi.

Sasa nawauliza swali ambalo mama mmoja alilitoa katika mkutano wetu wa juma lililofuata. Alisema, “Siku ile ya Kipopo tulifurahi. Lakini nani alipumzika?”

Tulinyamaza. Kisha tukaanza kuhesabu kazi za siku ile. Kuamka kabla ya jogoo. Kuwasha makala. Kuchemsha viazi, kukaanga mandazi, kujaza bidoni za maji. Kuogesha watoto, kutafuta kiatu kilichopotea. Kupika chakula cha wale waliobaki nyumbani. Kule Kipopo, kulinda watoto karibu na maji, kugawa chakula, kutuliza ugomvi, kuosha sahani. Jioni kurudi, kuwasha makala tena kwa sababu bukari na sombe lazima vipatikane mezani. Usiku, kuloweka nguo zilizokuwa nyekundu kwa vumbi. Baba wa nyumba akauliza, “Mulifurahi?” Tukajibu, “Ndiyo, tulifurahi.” Hatukusema uongo. Ila furaha na pumziko ni vitu viwili, na siku ile tulipata kimoja tu.

Ni hivyo hivyo kwa siku zetu nyingine. Tarehe 8 ya mwezi wa tatu tunavaa kikwembe kimoja, tunatembea kwa furaha, na jioni tunakuta sahani za asubuhi zikitungoja. Siku ya wazazi, mama ni mzazi anayeheshimiwa na ndiye mpishi wa heshima hiyo. Hata katika majina ya siku zetu, siku ya posho inatukumbusha chakula cha juma kilichogawiwa wafanyakazi, na siku ya yenga ni ya ibada na ya kupumzika. Lakini ni nani anapika siku ya yenga? Siku ya mama kupumua haijapewa jina.

Kwa hiyo mwezi huu watano kati yetu walijaribu kitu. Wote mnajua likelemba: kila mmoja anatoa, mmoja anapokea yote, na zamu inazunguka mpaka kila mtu amepata. Wamama hawa walifanya likelemba ya siku. Mwezi wa nane ulikuwa na siku za posho tano, wao walikuwa watano. Kila siku ya posho, wanne walibeba kazi za mmoja, tangu asubuhi mpaka watoto walale. Walichukua watoto wake, wakapika chakula chake, wakachota maji yake. Katibu aliandika zamu katika daftari, sawa na feza, ili pasiwe na mtu wa kusema “nitapata mwezi ujao”.

Niliwaomba wanieleze kila mmoja alifanya nini na siku yake. Nawapa hapa walivyosema, bila majina.

Wa kwanza alilala. Alilala mpaka saa za mchana, akaamka, akala alicholetewa, akalala tena. Alisema, “Nilifikiri mimi ni mtu wa hasira. Kumbe nilikuwa mtu wa usingizi.” Majirani wake wanasema tangu siku ile hata sauti yake uani imeshuka.

Wa pili anauza tomate na samaki wadogo sokoni Kenya. Kwake siku ya posho ndiyo siku ya mauzo makubwa, na kuikosa ni kukosa unga wa siku tatu. Alikataa zamu yake. Basi wawili wakaenda kusimama kwenye meza yake, wawili wakabaki na watoto. Jioni walimletea feza zote mpaka franka ya mwisho, pamoja na hesabu ya kila ndoo. Alisema kwamba kukaa kivulini kulikuwa kuzuri, lakini kilichompumzisha zaidi ni kujua kwamba kuna watu wanaoweza kushika meza yake bila kumwibia. Kabla ya hapo, hata akiwa mgonjwa alienda sokoni.

Wa tatu aliitumia siku yake kwenda kituo cha afya. Kichwa kilikuwa kinamuuma tangu mwezi wa sita, na kila mara alisema ni jua, ni vumbi, ni kelele za watoto. Muuguzi alimpima tensio, akamwambia aketi kimya kidogo, akampima tena. Ilikuwa 17 juu ya 10. Waganga wanasema kwamba kuanzia 14 juu ya 9, ikipimwa zaidi ya mara moja, damu iko juu. Leo anakunywa dawa na amepunguza chumvi. Wamama, tensio inaweza kupanda bila kuuma popote. Mtu anaweza kuishi nayo miaka mingi, akipika, akicheza kwenye arusi, mpaka siku inapomwangusha. Kuipima hakuchukui hata muda wa kuchemsha chai. Kilichomkosesha mama huyu kwenda ni kwamba hakuwa na siku.

Wa nne alipanda gari asubuhi kwenda Likasi kumwona dada yake mkubwa, akarudi jioni. Walikuwa hawajaonana kwa macho tangu matanga ya mwisho. Aliniambia, “Tumezoea kukutana kwenye kilio tu. Safari hii tulikutana bila mtu kufa.” Walikaa chini ya mwembe, wakachambua majani ya maboga, wakaongea mambo ya utoto wao. Je, sisi pia hatuna dada ambaye tunamwona kwenye kilio tu?

Wa tano alishindwa. Alibaki nyumbani kwake, na kila mara alipita jikoni kuangalia kama chumvi imetosha. Alimrudisha mtoto aliyevaa nguo kinyume. Mchana alikuwa anafagia. Wenzake walicheka, lakini yeye mwenyewe alisema neno la maana: “Nyumba inaniita. Nikiiona, siwezi kukaa.” Kwa hiyo shauri lao kwa atakayefuata ni hili: siku ya zamu yako, ama utoke wewe, ama watoto watoke. Usijaribu kupumzika katikati ya kazi yako.

Kulikuwa na maneno, bila shaka. Mama mkwe wa mmoja aliuliza kama nyumba ya mwanawe imekuwa hoteli. Baba mmoja alisema kwamba mama yake alilea watoto tisa na hakuomba siku hata moja. Mama wa nyumba alimjibu kwa upole, “Ni kweli, baba. Na unakumbuka alipokuwa mgonjwa, alilala mara ngapi kabla hajaanguka?” Baba hakujibu. Siku ya zamu ilipofika, alikoroga bukari yeye mwenyewe, na watoto wanasema iliiva vizuri. Mama mkwe naye alikuja kuona, akakuta watoto wameoga na wameshiba. Hakusema kitu. Tumelipokea hilo pia.

Sasa nifike kwenye jambo linalonisumbua kuliko yote.

Katika zamu ya kwanza, wale wanne walipofika asubuhi, walikuta kazi nyingi zimekwisha kufanywa. Walifurahi, mpaka walipouliza ni nani aliyezifanya. Alikuwa binti wa kwanza wa nyumba, mwenye miaka 13. Alikuwa amechota maji, ameosha sahani, amembeba mdogo wake mgongoni. Kaka yake, mwenye miaka 15, alikuwa ametoka kwenda kucheza mpira tangu asubuhi. Hakuna aliyemtuma binti. Alizoea tu, na vakansi yake yote ilikuwa hivyo.

Wamama, tukiangalia vizuri tutaona kwamba kijana anaporudi masomo mwezi wa kenda anasimulia mechi, mto, baiskeli na rafiki. Msichana anasimulia nini? Wengi wao wanamaliza vakansi wakiwa wamechoka kuliko walivyoianza. Baadaye mwalimu anasema msichana analala darasani, na sisi tunamkemea. Mzigo wa mama ukihamia kwenye mgongo wa binti, nyumba haijapata pumziko. Imebadilisha tu punda.

Ndiyo maana wale watano waliongeza sheria moja katika daftari kuanzia zamu ya pili: siku ya mama, binti mkubwa pia hana kazi. Vijana wa kiume wanachota maji na kuosha sahani. Mara ya kwanza walilalamika, na sahani mbili zilivunjika. Mara ya tatu walikuwa wanashindana nani atamaliza kwanza. Binti yule wa miaka 13 alipoulizwa anataka kufanya nini na siku yake, alinyamaza muda mrefu, kwa sababu hakuwa amezoea kuulizwa. Halafu akasema anataka kwenda kusuka nywele kwa rafiki yake, na kuongea. Ndicho alichofanya, tangu asubuhi mpaka jioni.

Neno hilo la rafiki lina uzito. Watoto tunawaachia rafiki, lakini sisi wenyewe tukishaolewa tunabaki na majirani, wakwe na wateja. Mtu wa kuongea naye bila kuuza kitu, bila kuomba kitu, tunampoteza njiani. Mwezi huu, kwa sababu ya kubebana kazi, wamama wetu waliingia jikoni mwa wenzao. Waliona ni nani ana unga na ni nani hana. Waliona mtoto anayekohoa usiku. Mmoja aligundua kwamba mwenzake, ambaye tunamwona kila juma akicheka katika mkutano, anapika mara moja kwa siku. Tangu hapo wanachanga kidogo kwa siri. Mkutano peke yake haukutuonyesha hayo kwa miaka mingi.

Nitaje pia mambo mawili ya matembezi, kwa kuwa vakansi nyingine itakuja.

La kwanza ni maji. Ziwa au mto unavutia, na mtoto anazama kimya. Hapigi kelele kama tunavyofikiri. Kule Kipopo tulifanya hivi: kila nusu saa mama mmoja alifunga kitambaa chekundu kichwani, na kazi yake ilikuwa kuangalia maji tu. Hashiki telefoni, hasuki nywele, hagawi chakula. Muda ukiisha, anamfunga mwenzake kitambaa. Tukisema “sote tunaangalia”, kila mmoja anafikiri mwenzake anaangalia. Kitambaa kinatuambia ni nani.

La pili ni feza. Tangu mwaka 2019 masomo ya msingi katika shule za serikali ni ya bure, lakini madaftari, viatu na nguo za bulu na nyeupe vinanunuliwa, na mwenye mtoto katika shule ya sekondari anajua hesabu yake. Feza ya matembezi isichukuliwe kutoka bahasha ya masomo. Kikundi chetu kilianza kuweka franka kidogo kidogo tangu mwezi wa tano, katika sanduku lake. Ilipofika mwezi wa nane, bisi ya Kipopo ilikuwa imekwisha kulipwa, na hakuna aliyerudi nyumbani akiwa na deni. Na mkikosa ya bisi, kivuli cha mwembe ni cha bure. Likelemba ya siku haikugharimu hata franka moja.

Sasa vakansi imekwisha, na wengine watasema likelemba hiyo nayo imekwisha. Mimi naomba tusikubali. Mwezi wa kenda una kazi nyingi kuliko wa nane: kuamsha watoto mapema, kufua kila jioni, kufuata kazi za nyumbani, kisha mashamba yataanza kutuita kabla ya mvua. Uchovu wa mwaka mzima haumalizwi na mwezi mmoja wa jua. Kama siku tano zilitosha kumfanya mmoja agundue ugonjwa wake, mwingine amwone dada yake, na binti mmoja apate kuulizwa anataka nini, basi siku moja kila mwezi kwa kila mama si kitu kikubwa cha kuomba.

Napendekeza hivi katika mkutano ujao. Tugawane watano watano, kwa kufuata balabala tunazokaa, ili mtu asitembee mbali. Kila kundi lichague siku yake, kwa sababu si kila mtu anaweza siku ya posho. Wanaouza sokoni wawekwe na wenye kujua kuuza. Wajane na wale wanaolea peke yao wapewe zamu ya kwanza. Sheria ya binti mkubwa iandikwe juu kabisa ya daftari. Na kila mama, katika zamu yake ya kwanza, apite kupima tensio kabla ya kwenda kulala au kutembea.

Juma hili, mtakapokuwa mnafunika madaftari ya watoto kwa karatasi, ongezeni daftari moja lenu. Katika ukurasa wa kwanza andikeni majina matano, na mbele ya kila jina tarehe. Mlilete siku ya mkutano. Nawatakia mwanzo mwema wa masomo, na tuonane juma lijalo.